Goma: Mashine ya kuosha vyombo haijai maji? Bidoni ya lita 20 inaweza kuonyesha kosa

Katika hoteli na migahawa ya Goma, mashine ya kuosha vyombo ikianza kutoa sahani zenye mafuta na mabaki ya sabuni, mawazo ya kwanza ni kuita fundi abadilishe pampu. Lakini pampu inaweza kuwa nzima kabisa, na kinachokosekana ni maji tu. Kabla ya kutoa dola hata moja, mwenye mashine anaweza kujua ukweli kwa kutumia bidoni ya manjano.

Mashine hiyo haijai kama beseni. Ile ya nyumbani huchukua karibu lita 3 au 4 chini yake, na pampu huzirusha juu ya vyombo tena na tena. Maji yakipungua, pampu hunyonya hewa na kupiga kelele, mikono inayonyunyiza haizunguki vizuri, na mara nyingine mashine inasimama bila kupasha maji moto. Katika mji unaoijua kolera, sahani isiyooshwa vizuri ni zaidi ya aibu mbele ya mteja.

Jaribio ni rahisi. Funga robine, ondoa mpira unaoingiza maji kwenye mashine, kisha fungulia robine hiyo ndani ya bidoni ya lita 20. Watengenezaji wengi wanaomba karibu lita 10 kwa dakika. Bidoni inapaswa kujaa kwa dakika mbili. Ikichukua dakika tano au sita, kosa haliko kwenye mashine.

Hapo ndipo tangi la juu ya nyumba linapoangaliwa. Wakaaji wengi wa Goma wanaweka tangi kwa sababu maji hayaji saa zote. Lakini maji yanayoshuka kutoka urefu wa mita 10 yanatoa nguvu ya bar 1 tu, na mashine nyingi zinahitaji angalau bar 0.5. Tangi lililo mita 3 juu ya mashine halifikishi nguvu hiyo. Dawa yake ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo ya kusukuma maji.

Ikiwa bidoni imejaa haraka, sasa ni zamu ya mashine. Chomoa waya wa umeme kwanza. Mahali mpira wa maji unapofungwa kuna kichujio kidogo cha nyavu. Maji ya tangi na yale yanayoletwa kwa gari hubeba mchanga na kutu, na vitu hivyo hukwama hapo. Mswaki wa zamani na maji safi vinatosha kukisafisha. Hakikisha pia mpira haujakunjika nyuma ya mashine.

Kisha tazama mpira unaotoa maji machafu. Ukilala chini sakafuni, maji hutoka polepole wakati mashine inajaribu kujaa. Sehemu yake moja inapaswa kuinuliwa, kwa kawaida sentimita 40 au zaidi kutoka sakafuni. Ndani ya mashine kuna pia kiboya kidogo cha plastiki. Kikikwama juu kwa sababu ya mabaki ya chakula, mashine inadhani imejaa na kufunga maji. Kinapaswa kupanda na kushuka bila shida.

Vyote hivyo vikiwa sawa, kunabaki valvu ya umeme inayofungulia maji. Ikivuma bila kupitisha maji, inaweza kuwa imekufa, au umeme ni dhaifu. Kwa hiyo ni vizuri volti zipimwe kabla ya kuagiza kipande kipya. Kazi hiyo ni ya fundi.

Na fundi akifika, aelezwe bidoni ilijaa kwa dakika ngapi. Itakuwa vigumu kumuuzia mtu pampu mpya wakati robine yake ndiyo haitoi maji.