Kuifuata Meli kwa Nambari Zake

Ukiiona meli ndogo imetia nanga huko mbali, utajuaje ni ipi, yatoka wapi na yaelekea wapi? Meli ya shehena kavu, yaani ile imiminiwayo ngano, saruji au makaa moja kwa moja tumboni bila magunia, ina vitambulisho kama wewe na mimi.

Cha kwanza ni nambari ya IMO, yenye tarakimu 7. Jina hubadilika, bendera hubadilika, hata mwenye meli hubadilika, lakini nambari hii haibadiliki mpaka meli ivunjwe. Tena hujikagua! Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa zamu, kisha ujumlishe. Utapata 139, inayoishia kwa 9 sawa na nambari yenyewe. Isipolingana, basi hiyo imeandikwa vibaya ama ni bandia.

Cha pili ni mtambo wa redio uitwao AIS. Meli ya safari za kimataifa yenye ujazo wa tani 300 au zaidi lazima iwe nao. (Ujazo hupima nafasi iliyomo ndani ya meli, si uzito wa mzigo.) Meli ikiwa mwendoni, mtambo hutangaza mahali ilipo kila sekunde 2 hadi 10, ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Nambari ya mtambo ina tarakimu 9, na ikianza kwa 634, hiyo ni ya Kenya. Lakini chunga: bandari iendako huandikwa na mabaharia wenyewe, kwa hivyo huweza kukosewa.

Je, haya yana faida gani? Mnamo Januari 2, 2015, meli ndogo Cemfjord, yenye urefu wa mita 83, ilikuwa ikipeleka tani 2,084 za saruji kutoka Denmark hadi Uingereza. Katika mlango wa bahari wa Pentland Firth, Scotland, matangazo yake yalikatika mchana, kama saa saba na robo. Hakuna wito wa msaada uliosikika, wala hakuna aliyeshtuka. Saa 25 baadaye, meli ya abiria ikaiona omo yake ikichomoza majini, chombo kimepinduka. Mabaharia wote 8 walikufa.

Wahenga walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Sawa, lakini kumbe hata mtambo hodari haufai kitu pasipo jicho la kuuangalia.