Makadirio Makubwa ya Kodi: Hatua kwa Wananchi Waliojiajiri

Fundi seremala anayepokea hati ya makadirio ya kodi ya shilingi 900,000, ilhali anaona faida yake ya mwaka haiwezi kubeba mzigo huo, hukabiliwa na vishawishi viwili: kufunga karakana, au kuiweka hati kabatini na kusubiri. Njia zote mbili humzidishia shida. Kodi isiyolipwa kwa wakati hutozwa riba, na sheria inaipa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uwezo wa kukamata mali ya mdaiwa au kuchukua fedha kutoka katika akaunti yake ya benki. Kwa fundi, mali hiyo yaweza kuwa mashine ileile inayompatia riziki.

Kwanza, ni vyema kufahamu nani anadai nini. Halmashauri hutoza ada ya leseni ya biashara na ushuru wa huduma. Kodi ya mapato hukadiriwa na kukusanywa na TRA. Kwa hiyo Mtendaji wa Kata hana mamlaka ya kuipunguza wala kuisamehe. Hata hivyo, mambo haya yanahusiana, kwa kuwa mwombaji wa leseni hutakiwa kuwa na hati ya TRA ya uthibitisho wa masuala yake ya kodi.

Pili, mlipakodi asiyeridhika na makadirio anayo haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30 tangu alipokabidhiwa hati. Aeleze sababu zake na kuambatanisha vielelezo, kama vile daftari la mauzo, risiti za manunuzi na mkataba wa pango. Ili pingamizi lipokelewe, hutakiwa kulipa kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Iwapo fundi huyo anakubali kudaiwa shilingi 200,000 tu, atalipa shilingi 300,000, kwa sababu theluthi ya 900,000 ni kubwa kuliko kiasi anachokikubali. Asiye na uwezo wa kulipa kiasi hicho anaweza kumwomba Kamishna Mkuu akipunguze au akiondoe, akitoa sababu za msingi. Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, anaweza kukata rufaa katika Bodi ya Rufaa za Kodi.

Tatu, anayekubali deni lakini hana fedha kwa wakati huo anaweza kuomba kwa maandishi aongezewe muda au alipe kwa awamu. Ombi lipelekwe kabla tarehe ya malipo haijapita, likionyesha mapato halisi na kiasi anachoweza kulipa kila mwezi. Asiahidi kiasi kikubwa ili kuwaridhisha maofisa, kwani akishindwa awamu moja, salio lote laweza kudaiwa mara moja.

Kwa kawaida kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne: kufikia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Biashara ikiyumba katikati ya mwaka, mhusika afike TRA na kumbukumbu zake kuomba makadirio yarekebishwe, badala ya kungoja deni lirundikane.

Kumbukumbu ndizo kinga kubwa kuliko zote. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, aliyeuza bidhaa za shilingi 9,000,000 kwa mwaka bila kumbukumbu alitakiwa kulipa 250,000. Mwenzake mwenye mauzo hayo hayo na kumbukumbu kamili alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi 7,000,000, yaani jumla ya 150,000. Daftari moja lilimwokolea mtu shilingi 100,000. Viwango hubadilika kupitia Sheria ya Fedha, hivyo vya sasa viulizwe TRA.

Malipo yote yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na TRA, kupitia benki au simu, na risiti itunzwe. Hakuna ofisa anayeruhusiwa kupokea kodi mkononi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa aliyejiajiri, dawa hiyo huanza siku hati inapopokelewa: kuisoma, kuhesabu siku 30, na kufika ofisini akiwa na daftari lake.