Lubumbashi: Kabla ya kufunga nyumba kwa ajili ya likizo, fikiria pia maua ya barza

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa saba, masomo yanafungwa na familia nyingi za Lubumbashi zinaondoka mjini. Wengine wanaenda Likasi au Kolwezi, wengine kijijini kwa wazee, wengine wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Nyumba inabaki na kufuli, na maua ya kwenye barza na sebuleni yanabaki bila mtu wa kuyapa maji.

Tatizo ni kwamba likizo kubwa inaangukia katikati ya kiangazi. Katika Haut-Katanga mvua huisha kwenye mwezi wa nne au wa tano, na mara nyingi hairudi mpaka mwezi wa kumi. Hewa ni kavu, upepo unabeba vumbi jekundu, na visima vifupi vya mtaani vinaanza kupungua. Chungu kilichoachwa nje hakiwezi kutegemea hata tone moja kutoka mbinguni.

Wengi wanatatua jambo hilo kwa neno moja: "Jirani, utaniangalilia maua." Lakini pale ambapo maji yanavutwa kisimani au yananunuliwa kwa bidoni, kumwomba jirani amwagilie ni kumwomba nguvu zake na pesa zake pia. Mara nyingi anayetumwa na ndoo ni mtoto. Ndiyo maana maandalizi yaanze kwa kupunguza kiu ya maua yenyewe.

Hatua ya kwanza haina gharama. Mwezi wa saba, jua la Lubumbashi linapita upande wa kaskazini. Barza na madirisha yanayotazama huko ndiyo yanayopata jua kali. Sogeza vyungu karibu na ukuta wa kusini, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Viweke pamoja, vikigusana, ili hewa kati ya majani ibaki na unyevu. Funika udongo kwa majani makavu. Maua yanayoogopa baridi yaingie ndani, kwa sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digrii 10.

Hatua ya pili ni kujua nani anakunywa nini. Sansevieria, yenye majani marefu kama upanga, asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Inaweza kukaa wiki kadhaa bila maji, sawa na aloe vera. Zamioculcas, inayotoka Afrika ya Mashariki na ya Kusini, inaweka akiba ya maji kwenye mizizi yake minene. Hayo matatu, wape maji siku moja kabla ya safari, kisha uyaache. Kuyamwagilia kupita kiasi ndiko kunakoyaua: udongo ukijaa maji, mizizi inakosa hewa na kuoza. Wenye kiu ya kweli ni wale wenye majani mapana na laini.

Kwa hao, njia rahisi ni utambi. Chukua kipande kirefu cha kitambaa cha pamba, kwa mfano tisheti ya zamani, si nailoni. Kiloweshe, ncha moja iingie chini kabisa ya ndoo ya maji, nyingine izikwe kwenye udongo wa chungu. Ndoo ikae juu kidogo kuliko chungu. Maji yatatembea polepole kwenye kitambaa. Jaribu siku tatu kabla ya kuondoka, ukiweka alama ya kalamu ndani ya ndoo. Kama litre moja imepungua kwa siku tatu, wiki tatu zitahitaji litre 7.

Njia nyingine ni chupa ya litre moja na nusu. Toboa kifuniko kwa sindano, jaza maji, ipindue na kuizika shingo kwenye udongo uliokwisha kulowa. Udongo ukiwa mkavu, chupa itamalizika kwa muda mfupi.

Usisahau mbu. Ndoo iliyo wazi katika nyumba tupu ni mahali pa kuzaliana, na yai linaweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja au mbili. Funika ndoo kwa kifuniko chenye tundu dogo la kupitisha utambi tu, na umwage maji yaliyobaki kwenye visahani. Malaria isianzie kwenye lupango lako na kufika kwa jirani.

Kama bado unahitaji mtu, mwachie maji tayari. Hesabu si kubwa: vyungu kumi, nusu litre kwa kila kimoja, mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu, ni litre 15. Bidoni moja ya litre 20 inatosha, imefungwa vizuri na kuachwa kivulini na kikombe cha kupimia. Mwonyeshe pia aingize kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, asimwage kitu.

Ukirudi na kukuta udongo umekauka kama tofali, usimwage ndoo nzima kwa juu, maji yatapita pembeni. Weka chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa, udongo unywe kutoka chini. Kata majani yaliyokufa, na subiri wiki kadhaa kabla ya kutupa.

Kuna maua ambayo mtu alipewa kijiti chake na mama au shangazi ambaye leo hayupo, na hayo hayanunuliki barabarani. Kabla ya safari, kata kijiti, kitie mizizi kwenye glasi ya maji, na umpe jirani kiwe chake. Lako likikauka wakati wa kiangazi, utajua pa kuomba kijiti kingine mvua ikirudi.