Majina ya Asidi, Besi na Hidreti

Jina la asidi, au tindikali kama wengi wanavyoiita, halitokani na ukali wake wala na kazi inayofanya. Hutokana na kile kinachobaki baada ya hidrojeni kuondoka. Asidi inapoyeyuka majini hutoa ioni za hidrojeni zenye chaji chanya, na pembeni hubaki ioni yenye chaji hasi. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua jina. Mwanafunzi anayezijua ioni hizo vizuri anaweza kutaja asidi nyingi bila kuzikariri moja moja, na chumvi zake pia.

Haikuwa hivyo zamani. Asidi salfuriki iliitwa mafuta ya vitrioli, asidi hidrokloriki ikaitwa roho ya chumvi, na majina hayo hayakumwambia mtu chochote kuhusu kilichomo chupani. Mwaka 1787, wanakemia wanne wa Ufaransa, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha utaratibu uliotaka jina lionyeshe viambato vya kitu chenyewe. Miisho mingi inayotumika leo ilianzia hapo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: Lavoisier aliamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni. Mwaka 1810, Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kuwa klorini ni elementi, na hivyo asidi inayotokana na hidrojeni na klorini peke yake haina oksijeni hata kidogo. Ndiyo maana kanuni za leo zinazigawa asidi katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la asidi zisizo na oksijeni. Ioni zake huishia na -idi, na asidi yake huanza na hidro- na kuishia na -iki. Kloridi hutoa asidi hidrokloriki, HCl, na bromidi hutoa asidi hidrobromiki, HBr. Hapa kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: jina hili ni la kitu kilichoyeyuka majini. HCl ikiwa gesi kavu ndani ya mtungi huitwa hidrojeni kloridi.

Kundi la pili lina oksijeni, na hapa neno hidro- halitumiki. Ioni ikiishia na -eti, asidi yake huishia na -iki. Ikiishia na -iti, asidi huishia na -asi. Salfeti, SO₄²⁻, hutoa asidi salfuriki, H₂SO₄, ambayo ikichanganywa na maji ndiyo maji ya betri za magari. Salfiti, SO₃²⁻, hutoa asidi salfurasi, H₂SO₃. Vivyo hivyo nitreti hutoa asidi nitriki na nitriti hutoa asidi nitrasi. Masikio yanaweza kudanganyika, kwa sababu salfidi, salfiti na salfeti hutofautiana kwa herufi moja au mbili tu, ilhali vitu vyenyewe viko mbali sana. Salfiti huhifadhi matunda yaliyokaushwa yasiharibike. Salfidi ikikutana na asidi hutoa hidrojeni salfidi, gesi inayonuka kama yai viza na yenye sumu kali. Anayeandika lebo ya maabara hana ruhusa ya kukosea herufi hizo.

Klorini inahitaji zaidi ya miisho miwili, kwa kuwa ina ioni nne zenye oksijeni. Yenye oksijeni moja ni hipokloriti, yenye mbili ni kloriti, yenye tatu ni kloreti na yenye nne ni perkloreti. Asidi zake, kwa mpangilio huohuo, ni hipoklorasi, klorasi, kloriki na perkloriki. Hipo- humaanisha chini ya -iti, na per- humaanisha juu ya -eti. Hipokloriti ndiyo iliyomo katika jiki ya kufulia nguo nyeupe, kwa jina kamili sodiamu hipokloriti, NaClO. Anayesoma jina hilo pamoja na lile la asidi hidrokloriki kwenye chupa ya kusafishia choo anapaswa kuziweka mbalimbali, kwa sababu zikichanganywa hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Udhaifu wa kanuni hizi uko wazi na ni haki kuutaja. Miisho huonyesha nani ana oksijeni nyingi kuliko mwenzake, lakini haisemi ni ngapi. Salfeti ina nne, nitreti na kloreti zina tatu kila moja, na zote huishia na -eti. Idadi hizo hazina budi kukaririwa. Kwa bahati nzuri ioni zinazotumika kila siku ni chache.

Besi ni rahisi zaidi. Nyingi kati ya zile zinazofundishwa shuleni ni hidroksidi za metali: hutajwa metali kwanza, kisha neno hidroksidi. NaOH ni sodiamu hidroksidi, inayotengenezea sabuni. Ca(OH)₂, chokaa iliyozimwa kwa maji, ni kalsiamu hidroksidi. Hakuna haja ya kusema dihidroksidi, kwa kuwa kalsiamu ina chaji moja tu inayojulikana, +2, na idadi ya hidroksidi hujulikana kutokana nayo. Chuma hakina msimamo huo. Fe(OH)₂ ni chuma(II) hidroksidi, yenye rangi ya kijani iliyofifia, na Fe(OH)₃ ni chuma(III) hidroksidi, ya kahawia kama kutu. Namba ya Kirumi huonyesha chaji ya metali, si idadi ya atomi. Amonia, NH₃, ni besi isiyo na hidroksidi katika fomula yake, nayo imebaki na jina lake la zamani.

Hidreti ni chumvi ambazo fuwele zake zimeshika maji kwa kiasi maalumu. Mrututu ni mfano mzuri kuliko yote. Jina lake la kikemia ni shaba(II) salfeti pentahidreti, CuSO₄·5H₂O: chumvi hutajwa kwanza kama kawaida, kisha neno hidreti likitanguliwa na idadi ya Kigiriki. Mono- ni moja, di- mbili, tri- tatu, tetra- nne, penta- tano, heksa- sita, hepta- saba, deka- kumi na dodeka- kumi na mbili. Hemi- ni nusu. Nukta iliyo katikati ya fomula si alama ya kuzidisha. Inaonyesha kuwa maji yamo ndani ya fuwele na huweza kutolewa.

Kutolewa huko huonekana kwa macho. Fuwele za buluu za mrututu zikipashwa moto taratibu ndani ya neli ya majaribio, rangi hufifia, matone ya maji hujikusanya karibu na mdomo wa neli, na mwishowe hubaki unga mweupe. Ukidondoshewa maji, unga huo hurudi kuwa wa buluu papo hapo na neli hupata joto. Molekuli nne kati ya tano huizunguka ioni ya shaba, nazo ndizo zinazoipa rangi. Ya tano imeshikana na salfeti, na huwa ya mwisho kutoka.

Namba iliyo katika jina ina uzito halisi kwenye mizani. Asilimia 36 ya uzito wa mrututu ni maji. Anayehitaji gramu 10 za shaba(II) salfeti kavu lazima apime gramu 15.6 za mrututu. Akipuuza neno pentahidreti, mchanganyiko wake utakuwa hafifu kwa zaidi ya theluthi moja, iwe ni jaribio la darasani au dawa ya ukungu ya kupulizia mibuni.

Kanuni hiyohiyo huhudumia vitu vingi vinavyouzwa madukani. Chumvi ya haluli ni magnesi salfeti heptahidreti. Shabu ni salfeti ya potasiamu na alumini, dodekahidreti. Jasi ni kalsiamu salfeti dihidreti. Ikichomwa kwa kiasi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa hemihidreti, ule unga mweupe wa plasta anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Ukilowanishwa, hunywa maji, hurudi kuwa dihidreti na kukauka ukiwa mgumu.

Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya yana kaboneti, hidrojeni ya asidi ambayo haijaondoka yote, na maji ya fuwele. Fomula ya madini yake makuu ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, na jina lake ni trisodiamu hidrojeni dikaboneti dihidreti.