Ufa Hauchuji

Mgeni wa Musoma hushangaa mawe kwanza. Yamebebana ufukweni mwa Ziwa Victoria, mengine makubwa kuliko nyumba. Watu huyapiga picha na kuondoka, lakini mwamba huohuo unaendelea chini ya ardhi hadi Bunda na Butiama, na ndio unaoamua kama maji yaliyopitia jalalani yatafika kisimani yakiwa yamechujika au la.

Kwenye jalala mna mengi zaidi ya mifuko ya plastiki. Mna pampasi za watoto, matumbo ya samaki, samadi, uchafu wa machinjioni. Mvua ikinyesha, maji huzama katika lundo hilo na kutokea chini yakiwa mchuzi mweusi wenye chumvi na bakteria. Mchuzi huo ukikuta udongo mzuri, safari ya bakteria huwa ya taabu. Mmoja wao, E. coli, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, ana urefu wa takriban mikromita 2 tu: wakipangwa mstari 500 ndipo wanatimiza milimita moja. Pamoja na udogo huo, hunasa kwenye chembe za mchanga na mfinyanzi, huliwa na vijidudu wengine, au hufa tu kwa kukosa chakula. Kadiri maji yanavyochelewa njiani, ndivyo wanavyopungua.

Sasa kwenye ardhi ya mawe chujio hilo mara nyingi ni jembamba. Graniti, ambayo ndiyo mwamba wenyewe, hainywi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililomomonyoka na kwenye nyufa za mwamba, na ufa hauchuji kitu. Halafu kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa magari wakati wa masika. Ukilowa huvimba ukajiziba. Kiangazi hupasuka, na mvua za kwanza za vuli hukuta milango wazi. Ndiyo maana kipimo cha maji kilichochukuliwa Agosti peke yake mimi nisingekiamini.

Na wenye mitambo ya kusafisha maji pia yamewakuta. Mei 2000, katika mji wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji kilichochimbwa penye mwamba wenye nyufa, na dawa ya klorini haikutosha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Maji yenyewe hayakuwa na rangi wala harufu ya kumshtua mtu.

Maabara hawategemei macho. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye karatasi laini ya kuchujia, karatasi ikalazwa juu ya chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 44 na kitu, ambalo wadudu wengi wa udongoni hawalistahimili. Kesho yake huhesabiwa madoa. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli wasionekane kabisa, hata mmoja.

Ila doa halisemi limetoka wapi. E. coli wa pampasi iliyotupwa jalalani, wa choo cha shimo cha jirani na wa zizi la ng'ombe hulingana kwenye karatasi ile. Anayetaka kulishitaki jalala lazima apime kisima kilicho upande wa juu wa mtelemko na kilicho upande wa chini, kiangazi na masika, kisha ahesabu vyoo vilivyo katikati. Nahisi jalala hulaumiwa upesi kwa sababu linanuka hadharani; choo kina mlango.

Tena kuna njia ya uchafu isiyopita ardhini kabisa. Visima vingi vya kuchimba kwa mkono havina mfuniko wala ukingo wa saruji. Ndoo ikishajaa huwekwa pembeni, kamba hulala chini kwenye tope, kuku wanapita juu yake, kisha inashushwa tena kisimani.