Darubini ya Kwanza ya Kijana

Mpwa wangu ana miaka 14, na tangu aanze kuandamana nami katika njia za msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, hamu yake ni kumfuatia chesi, yule paa mdogo wa vichakani, hadi amwone vizuri. Mababu zetu walimwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kwa hivyo kifaa cha kijana huyu si bunduki wala mtego, ni darubini. Wazazi wengi huniuliza wachague ipi.

Anza na nambari mbili zilizoandikwa juu yake. Ya mpwa wangu ni 8x42. Nane ni mara ambazo kitu hukuzwa. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate milimita 5 na ushei, upana wa mwanga unaofika jichoni. Chini ya miti mikubwa mboni hutanuka kutafuta mwanga, na kiasi hicho huitosha. Darubini ya mfukoni ya 10x25 hutoa milimita 2.5 tu. Uwanjani inafaa, lakini kivulini chesi atabaki doa jeusi.

Muuzaji akikusifia ya mara 12, ikatae. Ukuzaji ukizidi, mtetemeko wa mikono nao huzidi, na eneo linaloonekana hupungua. Hondohondo akihama tawi, kijana hamwoni tena.

Nenda dukani na kijana mwenyewe. Macho yake huenda yamekaribiana kuliko yako, basi aikunje darubini mpaka aone duara moja safi. Akiona mawili, haimfai. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira vya machoni. Ikimlemea shingoni, 8x32 ni nyepesi na bado hutoa milimita 4. Hakikisha pia haiingizi maji, maana mvua ya Kakamega haina subira.

Nyumbani, afumbe jicho la kulia na kuzungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawasawa. Kisha afumbe la kushoto na kurekebisha la kulia kwa pete yake. Amkazie macho mnyama, ndipo ainue darubini bila kuyahamisha. Jua asilitazame nayo kamwe, litampofusha.

Mengine yote ni ujuzi wa wawindaji wa kale: kujua upepo unakotoka, kusoma nyayo kwenye tope, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kusubiri. Sheria haikuukataza ujuzi huo, nami sitaki ufe na wazee wetu. Mfundisheni kijana aumiliki wote, na chesi abaki hai ili mwingine naye amfuatie kesho.