Mimi ni Mzima, Nikapimwe Nini?

Muuguzi anachovya pamba kwenye siki, anaipaka kwenye mlango wa kizazi, kisha anasubiri dakika moja. Mlango ukibaki na rangi yake ya waridi, kipimo kimeisha na mama anavaa nguo zake. Pakijitokeza doa jeupe lenye kingo za wazi, huenda hapo pana seli zilizoanza kubadilika. Hakuna sindano, na majibu hutoka palepale.

Kipimo ni rahisi kiasi hicho, lakini ugonjwa kinaouwinda ndio saratani inayoua wanawake wengi zaidi Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,500 walifariki. Hao ni kama wanawake 18 kila siku, Hiace moja iliyojaa.

Tunawapoteza wengi hivi kwa sababu wanachelewa kufika, na wanachelewa kwa sababu ugonjwa wenyewe hauumi mapema. Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani, na kwa kawaida mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo kuambukizwa si ushahidi wa uhuni. Hata mwanamke aliyemjua mwanamume mmoja tu maishani anaweza kuvipata. Kwa wachache virusi haviondoki, vinabaki vikibadilisha seli polepole, na saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Miaka yote hiyo mama analima, anauza sokoni, anazaa, wala hahisi chochote.

Ndiyo maana neno linalonitia hofu kuliko yote ni hili: “Mimi ni mzima, nikapimwe nini?” Damu inapotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu kali unapoanza, huenda saratani imekwisha kuingia. Mama huanza kutibiwa fangasi au UTI, anabadilishiwa vidonge, miezi inapita. Akipewa rufaa ya mionzi, mara nyingi safari ni ya hospitali kubwa kama Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando, Mwanza. Nauli, mahali pa kulala na watoto walioachwa nyumbani huwa mzigo mwingine juu ya ugonjwa.

Linganisheni na yule aliyeonekana na doa akiwa bado mzima. Doa dogo hutibiwa kituoni, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa kifaa cha joto. Ni kazi ya dakika chache, kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwenye doa kubwa hupelekwa hospitali, likaondolewe kabla halijawa saratani.

Wanaolengwa hasa na kipimo cha siki ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU asingoje umri huo. Hatari yake ni takribani mara sita ya mwenzake, na kwake ugonjwa unaweza kukomaa ndani ya miaka 5 hadi 10. Siku anayochukua dawa kwenye kliniki ya VVU (CTC) aulizie na kipimo hiki. Kwa aliyekoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa hurudi ndani, hivyo siki haimwonyeshi vizuri. Kinachomfaa zaidi ni kipimo cha kutafuta HPV yenyewe. Sampuli yake mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe faraghani, na hilo ni jibu kwa wale wanaozuiwa na aibu.

Kwa mabinti tumepiga hatua. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 dozi moja hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini chanjo huzuia maambukizi mapya. Haiwezi kufuta mabadiliko yaliyokwisha kuanza. Inamkinga binti, haimtibu mama yake.

Naomba basi jambo moja kwa kila nyumba. Binti akirudi kutoka shuleni na kusema amechanjwa, mama naye apange siku yake wiki hiyohiyo. Baba ampe nauli na abaki na watoto. Mama afike kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aseme amekuja kupimwa mlango wa kizazi. Akiulizwa anaumwa nini, ajibu bila wasiwasi: “Siumwi popote.” Huo ndio wakati tunaoweza kumsaidia kwa urahisi zaidi.